Kupandisha gari la zamani la porini nchini Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya mlangoni mwa gereji, safarini, na kwenye simu za saa tatu usiku. Wengi wanaouliza wana Land Cruiser, Hilux, Pajero, Defender, Patrol au RAV4 ya miaka ya themanini na tisini. Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipozuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, yale yaliyokwisha kuingia yamekuwa mali ya kutunzwa, na kila mwenye nalo anataka kujua la kulifanyia.

## Mambo ya mwanzo

Kupandisha gari ni kufanya nini hasa?

Kuna njia tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kubadilisha springi na shokapu ili chesisi ikae juu zaidi. Ya pili ni kuweka vipande kati ya chesisi na bodi: bodi inapanda, chesisi inabaki palepale, na tumbo la gari halijasogea hata kidogo. Ya tatu ni tairi kubwa.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi. Kwenye gari lenye ekseli nzima, yaani chuma kimoja kigumu kinachounganisha magurudumu mawili, hakuna springi itakayoinua difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Difu imo ndani ya ekseli, na ekseli inabebwa na magurudumu, kwa hiyo kinachoinua difu ni tairi peke yake. Springi huinua chesisi, tangi, giaboksi na bampa. Ukurasa huu unahusu njia ya kwanza. Tairi zina swali lake huko chini.

Je, gari langu linahitaji kupandishwa kweli?

Pima kwanza. Simamisha gari mahali palipo sawa, chukua tepu, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu. Pima pembe zote nne na uandike. Springi iliyobeba mzigo miaka 25 huwa imeshuka, na mara nyingi urefu unaoutafuta ni ule gari lilioupoteza.

Mzee mmoja wa Moroto alileta Land Cruiser HZJ75 yake. "Fundi, niwekee inchi mbili, inagonga." Tulipoingia chini tulikuta springi za nyuma zimelala kama rula, lifu ya juu (lifu ni mabapa ya chuma yaliyopangwa pamoja kuwa springi) ina ufa karibu na jicho, yaani tundu la mwisho linaloshikwa na pini, na ile raba inayozuia ekseli isipige chesisi imeng'aa kwa kugongwa kila siku. Tukaweka springi mpya za urefu wa kiwandani, bushi mpya na shokapu. Nyuma ilipanda milimita 45. Hakuzitaja tena zile inchi mbili.

Inchi ngapi zinatosha kwa barabara za Uganda?

Milimita 50, yaani kama inchi mbili, kwa magari mengi yenye ekseli nzima mbele na nyuma. Kwa yenye mbele inayojitegemea kila gurudumu, pungufu ya hapo (tazama Pajero na RAV4 hapa chini).

Ukivuka 50 unaanza kulipia vitu ambavyo hukuvipanga: hozi ndefu za breki, kurekebisha kasta (mlalo wa ekseli ya mbele unaofanya usukani urudi sawa), fito la Panhard la kurekebishika (chuma kinachozuia ekseli isiende pembeni), pembe ya propela (mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu). Inchi ya tatu hula pesa kuliko mbili za kwanza zikijumlishwa. Sijaona njia ya kawaida ya Kidepo au Bwindi iliyohitaji inchi nne. Nilichoona ni magari ya inchi nne yakisubiri spea.

Kwa nini unaniuliza uzito wa mzigo badala ya kuniuliza inchi?

Kwa sababu springi hununuliwa kwa uzito. Kimo ni matokeo yake. Watengenezaji wakubwa wana springi kadhaa za gari lilelile, zote zimeandikwa milimita 50, lakini moja ni ya gari tupu, nyingine ya mzigo wa kudumu wa kadiri, nyingine ya mzigo mzito kila siku. Ukifunga ya mzigo mzito kwenye gari tupu, litapanda kupita ulivyotaka na kukurusha kama mkokoteni. Ukifunga ya gari tupu kwenye gari la mzigo, utarudi kwenye kimo cha zamani kabla ya msimu wa mvua kwisha.

Neno la kushika ni "kudumu". Hesabu vile visivyoshuka garini: bampa ya chuma, winchi, keria, hema la juu, droo za nyuma, betri ya pili, tangi la ziada. Hema la juu pekee hufika kilo 60 hivi. Jerikeni mbili za lita 20 za dizeli ni kilo 34 za mafuta matupu, bado jerikeni zenyewe. Maji ya kiasi hichohicho ni kilo 40. Wajomba wanaopanda Krismasi kwenda kijijini hawahesabiwi, hao ni mzigo wa kupita.

Usikisie. Pitisha gari kwenye mizani ya ghala la mahindi au kahawa, ekseli ya mbele kwanza, kisha ya nyuma. Fanya hivyo likiwa tupu na tena likiwa limepakiwa kama unavyosafiri. Tofauti ya namba hizo ndiyo unayompelekea muuzaji. Wateja wengi huona kazi hii ni usumbufu, na ndio haohao wanaorudi kuuza springi mpya kwa hasara.

Jambo la mwisho hapa: springi ngumu kupita kiasi si starehe tu iliyopotea. Kwenye mawimbi ya murram tairi haikai chini, inarukaruka, na gari lisilo na mzigo huanza kuteleza kwa ubavu kwenye kona hata kwa mwendo wa kilomita 60.

## Gari lako ni la aina gani?

Nina gari la lifu mbele na nyuma (HZJ75, Land Cruiser 60, Hilux LN106, Land Rover Series III). Nifanye nini?

Wewe una kazi rahisi kuliko wote. Nunua seti kamili: lifu, bushi, shako (vyuma vinavyoning'iniza mwisho mmoja wa springi kwenye chesisi), pini, yu-bolti mpya (zinazofunga springi kwenye ekseli) na shokapu za urefu unaolingana. Yu-bolti za zamani zisirudishwe. Zikishakazwa mara moja huwa zimevutika.

Kabla ya kufunga, piga brashi ya waya mahali springi zinaposhika chesisi na karibu na boksi ya usukani. Nyufa hujificha chini ya matope na rangi. Kama umeona kutu inayobomoka, kachomeshe kwanza, springi zisubiri.

Kuna mafundi wa kukunja upya springi za zamani. Si ni nafuu?

Ni nafuu, na Katwe, Kampala, utapata mikono inayoijua kazi ya chuma tangu utotoni. Lakini lifu iliyochoka ikigongwa ikiwa baridi hurudi kulala baada ya muda, na ikipashwa moto kwenye mkaa bila kupozwa na kukomazwa inavyotakiwa hupoteza ugumu wake. Nimeikubali kwa gari la shamba lisilotoka kijijini. Kwa gari linalokwenda Kaabong na familia ndani, hapana.

Kuongeza lifu moja nyuma ni afadhali, mradi zilizopo bado nzima. Ila ujue umeongeza ugumu zaidi ya kimo.

Na shako ndefu, au kipande cha chuma kati ya springi na ekseli?

Shako ndefu hukupa nusu tu ya urefu ulioongeza: milimita 50 za shako ni 25 za gari. Pia hugeuza ekseli. Shako ikiwa mbele ya springi ya mbele, kasta hupungua na usukani huanza kuzurura. Mimi mwenyewe nilifunga za namna hiyo kwenye Hilux yangu ya kwanza, zilizochongwa na gereji moja ya mtaani. Kwenye lami nilikuwa nashika usukani kama mtu anayevua samaki mkubwa. Niliziondoa baada ya wiki mbili.

Kipande cha chuma chini ya springi za mbele kisiwekwe kamwe. Ukifunga breki kwa nguvu ekseli hutaka kujizungusha, na kipande kikichomoka huna usukani. Nyuma, kifupi na kilichoshikwa na pini yake huvumilika, lakini springi huzidi kujipinda unapoondoka kwenye tope.

Land Cruiser 80, Defender na Patrol za koili je?

Kubadilisha koili ni kazi ya siku moja. Kinachosumbua ni pembe. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu. Gari likipanda, mikono inashuka na ekseli inajizungusha, sehemu ya juu ikisogea mbele. Kasta inapungua. Kwenye milimita 50 magari mengine hayalalamiki, mengine yanakuwa mepesi usukani na hayarudi sawa baada ya kona. Fanya alaimenti (kupima na kunyoosha pembe za magurudumu) kwanza, uone namba, ndipo uamue kununua bushi za kurekebisha kasta. Zaidi ya 50, zinunue pamoja na springi.

Kwa Land Cruiser 80 ambayo propela ya mbele inazunguka muda wote, kuna mtego: ukirudisha kasta unainamisha pua ya difu, na krosi ya propela huweza kuanza kutetemeka. Ndiyo maana sipendi kuongeza kasta zaidi ya inayohitajika.

Fito la Panhard nalo husukuma ekseli pembeni gari likipanda. Kwa milimita 50 ni kidogo, wengi hawalioni. Defender kwa nyuma haina fito hilo, kwa hiyo usilitafute huko.

Pajero na Hilux za toshenibaa: fundi ameniambia anakaza bolti mbili tu.

Ni kweli bolti zinakazwa, na gari linapanda, na hulipi spea yoyote. Toshenibaa ni chuma kirefu kinachosokotwa badala ya springi. Kukaza bolti hakuongezi nguvu yake, kunabadilisha tu mahali gari linapokaa. Unachopata juu unakitoa chini: gurudumu linakosa nafasi ya kushuka shimoni, linagonga kizuizi chake cha kushuka kila mara, na jointi za CV (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele) zinafanya kazi kwa pembe kali hadi mipira yake inachanika.

Milimita 25 hadi 30, basi. Kama bampa ya chuma na winchi vimeilemea mbele, nunua toshenibaa nene zaidi. Kisha alaimenti siku hiyohiyo, si wiki ijayo. Tairi mpya ya mbele huweza kuliwa upande mmoja ndani ya safari moja ya Kampala hadi Arua.

RAV4 ya miaka ya tisini, ile ya watalii wanaojiendesha?

Gari dogo linalofanya makubwa. Springi mpya zenye nguvu kidogo na tairi nzuri za murram zinatosha. Milimita 30 ndio mwisho, kwa sababu ileile ya jointi za CV niliyoieleza kwenye Pajero. Vipande vya plastiki vya kuweka juu ya springi havirudishi springi iliyochoka, vinaisukuma tu.

## Shokapu, tairi, breki

Lazima nibadilishe shokapu pamoja na springi?

Ndiyo, kama gari linapanda zaidi ya milimita 30 hivi. Shokapu fupi hufika mwisho wake kabla ya springi, hapo ndiyo inayobeba ekseli nzima gari linaponing'inia, na jicho lake hukatika.

Hata bila kupandisha gari, mimi huanza na shokapu. Murram ya mawimbi inazichemsha: mafuta yanapata moto, yanachanganyika na hewa, na baada ya saa moja gari halina kitu kinacholizuia kudunda. Simama, sogeza mkono karibu na kila shokapu. Ikiwa tatu zina moto na ya nne ni baridi, hiyo ya nne imekufa, haifanyi kazi. Kwa safari ndefu chagua zenye bomba nene na mafuta mengi, au zenye gesi ya shinikizo.

Kazi ikiisha nikague nini kabla ya kulipa?

Mwambie fundi ainue chesisi hadi magurudumu ya ekseli moja yaning'inie. Ingia na tochi. Hozi ya breki isiwe imevutika kama kamba ya gitaa, wala waya wa ABS kama upo, wala bomba la kupumulia difu. Springi ya koili isiwe imelegea kwenye kikombe chake. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili huku magurudumu yakiwa yamening'inia. Kisha shusha, panda jiwe au ukingo kwa gurudumu moja, uangalie tairi haigusi bodi wala shokapu haijafika chini.

Fundi mzuri hatachukia. Wa kwangu huniwekea tochi mkononi kabla sijaomba.

Tairi kubwa kiasi gani?

Hesabu ni rahisi. 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777 hivi. 285/75R16 ina 834. Tofauti ni 57, nusu yake ndiyo inayoinua difu: milimita 28. Badala yake spidomita inadanganya kwa asilimia 7. Ikisoma 80 wewe uko karibu 86, na askari mwenye kipima mwendo hasikilizi hesabu za tairi.

Kwa injini isiyo na nguvu nyingi kama 1HZ, ile dizeli ya HZJ75, tairi nzito kwenye milima ya Kigezi inakurudisha gia moja chini. Napenda 235/85R16: urefu wa 806, nyembamba, inakata tope hadi chini, na haigusi bodi kwenye magari mengi ya milimita 50.

Breki zimekuwa hafifu baada ya kupandisha nyuma. Kwa nini?

Hili halijulikani sana. Hilux na Land Cruiser nyingi zina vali ya breki juu ya ekseli ya nyuma yenye mkono unaosoma mzigo. Nyuma ikipanda, vali inadhani gari ni tupu, inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Mkono ule unarekebishika. Mwambie fundi ausogeze kwa kadiri ulivyopandisha, kisha ujaribu mahali pasipo na magari. Taa za mbele nazo zishushwe, maana sasa unawapofusha wanaokuja.

## Barabara zetu

Gari lililopandishwa litanivusha kwenye tope jeusi la Karamoja na Ishasha?

Peke yake, hapana. Udongo mweusi ukilowa hunata kwenye tairi hadi meno yote yanajaa na unabaki na mipira minne laini. Kimo kinakusaidia tu pale njia za malori zimechimbika na tumbo linakaa katikati. Meno marefu ya tairi, minyororo, mwendo usiokatika, na busara ya kusubiri jua la saa sita vinasaidia zaidi. Kwenye mchanga wa mto Kidepo punguza upepo hadi kama psi 18 au 20, na utavuka kwa kimo cha kiwandani. Beba pampu ya kujaza tena.

Nina wasiwasi na kona za Kabale kwenda Kisoro.

Wasiwasi wako ni mzuri. Gari likipanda, uzito wake unapanda nalo, na linaegemea zaidi. Milimita 50 za springi dereva huzizoea. Kinachopindua magari ni kilo 150 juu ya keria kwa mwendo wa matatu. Hamishia jerikeni na tairi za akiba ndani au nyuma, chini kadiri iwezekanavyo.

## Pesa, soko na bima

Pesa zangu hazitoshi seti nzima. Nianze na nini?

Bushi na balijointi zilizolegea, kisha tairi, kisha shokapu, mwisho springi. Mpangilio huu huwaudhi vijana kwa sababu kinachoonekana ndicho kinachokuja mwisho.

Spea ninunue wapi?

Wengi huanzia Kisekka, Kampala. Nenda na namba ya chesisi, namba ya springi uliyoichagua, na spea ya zamani mkononi. Springi ya mtumba inunue tu ikiwa kushoto na kulia zimetoka gari moja. Zisimamishe mezani ubavu kwa ubavu uzione.

Polisi na bima watasema nini?

Tairi zisitokeze nje ya bodi, taa ziwe sawa, gari lisiwe na kitu kinacholegea. Bima waambie kwa maandishi kabla ya ajali, na utunze risiti.

## Matatizo baada ya kazi

Gari limelala upande wa dereva.

Upande huo una dereva, na kwenye magari mengine tangi au betri pia. Koili za seti moja mara nyingine huwa na urefu tofauti kwa sababu hiyo, na fundi asiyejua huzibadilishana. Angalia alama zake kwanza. Tofauti ya milimita 10 ivumilie.

Usukani unatikisika kwa nguvu nikigonga shimo kwa mwendo wa 70.

Punguza mwendo taratibu, simama. Wengi hukimbilia kubadilisha shokapu ya usukani, ambayo huficha tu ugonjwa. Mwambie mtu azungushe usukani huku na huku injini ikiwaka nawe uko chini unatazama: bushi ya fito la Panhard, vichwa vya tairodi (fito linalogeuza magurudumu), beringi za nyako (pale gurudumu la mbele linapogeukia). Kimoja kati yao kinacheza. Vikiwa vizima vyote, rudi kwenye kasta na mizani ya tairi.

Springi mpya zimeshuka baada ya mwezi. Nimeibiwa?

Milimita 10 hadi 15 ni kawaida, zinajikalisha. Zaidi ya hapo, pima mzigo wako upya. Na je, ulirudi kukaza yu-bolti baada ya kilomita 500? Zikilegea, senta bolti (ile inayoshika lifu pamoja katikati) hukatika na ekseli husogea nyuma upande mmoja. Utaona gari linakwenda kama kaa.

Nimenunua gari ambalo tayari lina inchi nne. Nilishushe?

Usilishushe wala usilisifu kabla hujaingia chini yake. Hesabu jinsi inchi hizo nne zilivyopatikana: springi kiasi gani, shako kiasi gani, vipande kiasi gani. Nimekuta Land Cruiser 60 yenye springi za inchi mbili, shako ndefu, na vipande vya mbao ngumu, ndiyo, mbao, kati ya chesisi na bodi, na ukungu mweupe umeota pembeni. Toa mbao na shako, bakisha springi kama hazina ufa, rudisha shokapu za urefu unaofaa, halafu alaimenti. Aliyeinunua ile 60 alikuja na tairi za inchi 35. Tairi hizo tulimuuzia kijana wa malori, na mwenye gari tukamfungia 235/85.